Kabla Hujakubali Injini Ishushwe: Namna ya Kusoma Moshi wa Hiace na Townace ya Petroli

"Hiace yangu inatoa moshi. Fundi kaiwasha, kazunguka nyuma, kanusa, kasema injini imekwisha. Ni kweli?"

Swali hili nimeulizwa na watu wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka. Mara ni Townace ya kusambazia mikate, mara Kirikuu ya kubebea mbao, mara Hiace ya kuchukulia watoto wa shule. Jibu langu la kwanza halibadiliki: huenda ni kweli, lakini kwa kunusa tu hakuna awezaye kujua.

Nami nimepita humo. Miaka kadhaa iliyopita Townace yangu ilianza kufuka moshi wa bluu, na fundi akanipangia bei ya kushusha injini. Nilikuwa nahangaikia fedha pale mzee mmoja wa gereji ya jirani aliponiita: "Mwanangu, hebu inua hicho kiti cha mbele kwanza." Alichomoa mpira mmoja wenye unene wa kidole gumba, akaukunja mbele ya macho yangu, ukatoa uji mweusi mzito kama lami. Tukauosha kwa petroli, tukaurudisha. Siku ya tatu moshi ulikuwa umekwisha.

Si kila gari huponea kwenye mpira. Ila tangu siku hiyo nina kanuni moja ninayowagawia wote: anza na kisichogharimu kitu, malizia na kinachogharimu. Makala hii inafuata mpangilio huo.

## Kwanza: je, huo ni moshi kweli?

Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji. Maji hayo hutoka kwenye ekzosi kama mvuke, na kunapokuwa na baridi unayaona kwa macho. Kama uko Njombe, Mbeya au Limuru na asubuhi gari linatoa wingu jepesi jeupe linalopotea injini ikishapata moto, gari lako ni zima. Nenda kazini.

La kukutia wasiwasi ni moshi unaoendelea injini ikiwa imeshapata moto, au unaorudi wakati maalumu kila siku.

## Jaribio la karatasi nyeupe

Washa gari, liache lipate moto. Mtu mmoja akanyage mafuta kidogo, injini itulie kwenye mzunguko wa juu kiasi. Wewe shika karatasi nyeupe kwa koleo, kiasi cha shibiri moja kutoka mdomo wa ekzosi, kwa muda wa nusu dakika. Kisha iangalie:

- Madoa ya mafuta yasiyokauka, karatasi ikawa kama ya kufungia maandazi: injini inaunguza oili. Moshi wake ni wa bluu au kijivu, na harufu yake ni ya mafuta yaliyoungua kikaangoni.
- Masizi makavu meusi yanayofutika kwa kidole: petroli inaingia nyingi kupita hewa. Moshi ni mweusi na unachoma macho.
- Matone ya maji yanayokauka bila kuacha alama, huku injini ikiwa ya moto na moshi mweupe ukiendelea: shuku maji ya rejeta. Kama unatumia kulanti, moshi huwa na harufu ya utamutamu.

*Onyo:* fanya haya nje, kwenye upepo. Moshi wa petroli una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu ndani ya banda lililofungwa. Magari haya yana injini chini ya viti vya mbele, kwa hiyo ekzosi ikitoboka, moshi unaweza kupanda hadi kwa abiria. Watoto wakishuka wanalalamika kuumwa kichwa, usiwaambie ni joto. Simamisha gari, kagua ekzosi.

## Moshi unatoka saa ngapi, na wapi?

Rangi peke yake haitoshi. Muulize dereva maswali haya, na kama dereva ni wewe, zunguka na gari siku mbili ukiangalia kioo cha pembeni:

- Bluu unapowasha tu asubuhi, kisha unakata: sili za valvu zimekauka. Usiku kucha oili imedondoka taratibu kupitia shina la valvu.
- Bluu baada ya kuteremka mlima mrefu, pale unapokanyaga mafuta tena: bado ni sili za valvu. Ukiteremka Kitonga kwa gia bila kukanyaga mafuta, injini inanyonya kwa nguvu nyingi na kuvuta oili kupitia sili zilizolegea. Chini ya mlima inaitema yote mara moja.
- Bluu unapopanda na mzigo, na unazidi kadiri unavyokanyaga: ringi za pistoni, au silinda zimelika.
- Bluu wakati wote, tena ulianza ghafla: angalia kiwango cha oili na mpira wa kupumulia kabla ya kingine chochote.
- Mweusi injini ikiwa baridi tu: choki inafunga kupita kiasi.
- Mweusi wakati wote na mafuta yanaisha haraka: hewa imezibwa, au petroli inazidi.

Andika majibu kwenye daftari. Fundi anayejali kazi yake ataufurahia ukurasa huo.

## Moshi wa bluu, hatua kwa hatua

1. Pima oili. Gari likiwa kwenye tambarare na limezimwa dakika kumi, chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Kama oili imepita alama ya juu, huenda umeupata ugonjwa wako. Wapo wanaomimina galoni nzima kwa sababu imeshalipiwa. Oili ikizidi, inarushwa juu na kuingia inakounguzwa. Ipunguze kwa kulegeza nati ya chini.

Ukiwa na kijiti mkononi, kinuse. Kikitoa harufu kali ya petroli, nenda kwanza kwenye sehemu ya moshi mweusi. Petroli ikichanganyika na oili inaosha kuta za silinda na kuzila ringi.

2. Kagua upumuaji. Kila injini ina mpira unaotoa hewa chafu kwenye kifuniko cha valvu na kuirudisha iunguzwe. Nyingi zina kivalvu kidogo mwanzoni mwa mpira huo. Kichomoe, kitikise: kizima hulia *tiki-tiki*. Injini ikiwa inanguruma, ziba tundu lake kwa kidole: lazima usikie linavuta. Lisipovuta, mpira umeziba. Osha, au badilisha. Fungua pia nyumba ya ea klina: ukikuta imelowa oili, injini inatapika kwa kukosa pa kupumulia.

3. Fungua plagi zote. Zipange kwenye kadibodi uliyoandika 1, 2, 3, 4, kwa mpangilio wa silinda zilikotoka. Iliyolowa weusi unaong'aa ni ya silinda inayokula oili. Ikiwa ni moja tu, tatizo liko hapo tu. Zikiwa zote nne, fikiria kitu kinachozigusa zote: upumuaji, sili, au uchakavu wa jumla.

4. Pima kompresheni. Hiki ndicho kipimo ambacho usikubali injini ishushwe bila kukiona kwa macho yako. Injini iwe ya moto, betri iwe na chaji, plagi zote ziwe nje, umeme wa koili na wa pampu ya mafuta umekatwa. Kanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho, piga stata injini izunguke mara tano au sita kwa kila silinda. Andika namba.

- Nyingi za injini hizi zikiwa nzima husoma kati ya 150 na 180 psi.
- Chini ya 125, silinda hiyo imechoka.
- Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kama 15. Nne zinazosoma 140, 138, 141 na 139 zina afya kuliko 175, 172, 120 na 174.

5. Rudia kwa oili. Kwenye silinda dhaifu, tia kijiko kimoja cha chai cha oili safi kupitia tundu la plagi, upime tena. Namba ikipanda sana, ringi zimelegea, kwani oili imeziba zilipokuwa zikivuja. Isipopanda, shuku valvu au gasketi ya hedi.

*Tahadhari ambayo mafundi wengi huisahau:* kompresheni nzuri haimaanishi ringi zote ni nzima. Pistoni ina ringi za juu za kushika pumzi na ringi ya chini ya kukwangua oili. Ya chini ikigandia kwa kaboni, namba zinasoma vizuri na moshi wa bluu unaendelea.

## Sili za valvu: kazi isiyohitaji kushusha injini

Ikiwa kompresheni ni nzuri na moshi unatoka asubuhi au mwisho wa mteremko, sili ndizo mshukiwa wa kwanza. Hiace ya 1RZ au 2RZ ina valvu nane, Townace ya 7K vilevile, kwa hiyo unanunua sili nane. Kwenye injini nyingi zinabadilishwa bila kuvua hedi.

Shida ni moja: ukitoa springi, valvu inaweza kutumbukia ndani ya silinda. Kuna ujanja wa zamani wa kamba:

1. Zungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye nati ya mbele, hadi pistoni iwe njiani kupanda na valvu zote mbili za silinda hiyo zimefungwa.
2. Ingiza kamba laini na safi kupitia tundu la plagi, mita moja au zaidi. Ncha ibaki nje.
3. Endelea kuzungusha taratibu mpaka pistoni iibane kamba na kugoma. Sasa valvu zimeshikwa kwa chini.
4. Ziba kwa vitambaa matundu yote ya oili juu ya hedi. Vile vipande viwili vidogo vinavyoshika springi hupenda kuruka, na kikiingia kwenye tundu, kazi ya saa tatu inakuwa ya siku tatu.
5. Bana springi, toa vipande kwa sumaku, vua sili ya zamani.
6. Tikisa shina la valvu kushoto na kulia kabla ya kuweka sili mpya. Likicheza sana, gaidi ya valvu (bomba linaloongoza shina) imelika na sili mpya haitadumu. Lisipocheza, weka sili mpya, rudisha springi.

Kama kwenye injini yako boliti za roka ndizo zilezile zinazoshika hedi, acha. Hapo hedi lazima ivuliwe na gasketi ibadilishwe.

## Moshi mweusi

Huu mara nyingi ndio rahisi kuponya, na ndio unaopuuzwa kwa kuwa gari bado lina nguvu.

Kwa kabureta:
- Toa ea klina, endesha mita mia bila hiyo. Moshi ukipungua, nunua mpya. Kuipiga chini vumbi litoke hakuirudishii ujana.
- Angalia kibao cha choki: injini ikipata moto kinatakiwa kisimame wima.
- Kama petroli inafurika, floti imetoboka au sindano yake haizibi.

Kwa EFI:
- Chomoa kimpira chembamba cha kidhibiti presha ya mafuta. Kikiwa na petroli ndani, kidhibiti kimechanika.
- Kagua sensa ya joto la maji. Ikidanganya kwamba injini ni baridi, kontroli boksi inaongeza petroli siku nzima.
- Nozeli inayodondosha itaonekana kwenye plagi yake: masizi makavu kama mahameli.

Na uulize swali hili: thamostati ipo? Kwetu kuna mazoea ya kuitoa na kuitupa, eti nchi ni ya joto. Bila thamostati, maji yanazunguka bila kusubiri, injini inachelewa kufikia joto lake, na EFI inaendelea kumwaga petroli kama inavyofanya asubuhi. Gari linakula mafuta, linatoa masizi, na oili inachafuka mapema. Nunua thamostati mpya, irudishe mahali pake.

## Moshi mweupe

Hapa usicheze. Maji yakiingia kwenye silinda, gari linaweza kukuacha njiani siku hiyohiyo.

Angalia, injini ikiwa baridi kabisa:
- Fungua kifuniko cha rejeta, washa injini. Mapovu yasiyokoma yanaonyesha pumzi ya silinda inapenya kwenye maji.
- Tazama oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti, maji yameingia. Utando mdogo mweupe chini ya kifuniko cha oili pekee, kwa gari la safari fupi kwenye baridi, haujathibitisha kitu.
- Plagi moja ikiwa safi kupita wenzake, kana kwamba imeoshwa, maji yanaingia kwenye silinda hiyo.
- Asubuhi, kabla hujawasha, minya mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu bado, kuna presha iliyolala humo.

*Kamwe usifungue rejeta ya moto.* Maji yale yako chini ya shinikizo na yatakurukia usoni. Nimemwona utingo akipoteza ngozi ya mkono kwa sekunde moja.

Gasketi ya hedi ikithibitika imeungua, kubadilisha gasketi tu ni nusu ya kazi. Hedi ipimwe kwa rula iliyonyooka na isawazishwe mashineni ikiwa imepinda, boliti zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa awamu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Kisha tafuta kilichosababisha joto: feni, pampu ya maji, rejeta iliyoziba. Na kwa ndugu zangu wa pwani: maji ya kisima yenye chumvi yanakula chuma kutoka ndani. Weka kulanti.

## "Lakini fundi kasema..."

"...niweke oili nzito." Oili ya 20W-50 inafaa injini nyingi za zamani kwenye joto letu. Itapunguza moshi, haitaziba ringi. Ukienda nzito zaidi ya hapo, asubuhi oili itachelewa kufika juu, na utakuwa unanunua uchakavu mpya.

"...kuna dawa ya moshi ya chupa." Nyingi ni za kuifanya oili iwe nzito. Wauzaji wa magari wanazipenda: zinatosha mpaka mnunuzi afike kwake. Ndiyo maana ukienda kununua, fika injini ikiwa baridi na uiwashe mwenyewe.

"...ringi zimegandia, atazimwagia dawa." Hili linaweza kusaidia. Dawa ya kulegeza kaboni inaingizwa kwenye matundu ya plagi na kulala usiku mzima. Kabla ya kurudisha plagi, lazima injini izungushwe kwa stata plagi zikiwa nje, dawa iruke. Ikibaki ndani, kimiminika hakibanwi, na pistoni inaweza kupinda fimbo yake. Oili ibadilishwe siku hiyohiyo. Huponya wakati mwingine. Kwa kuwa ni rahisi, jaribu kabla ya kushusha.

"...gari linatembea, kwa nini nihangaike?" Pima ulaji kwanza. Jaza oili hadi alama ya juu, tembea kilomita 500, ongeza kwa chupa yenye vipimo. Ikiwa ni chini ya robo lita, unaweza kuishi nalo huku ukipima oili kila Jumatatu. Ikizidi nusu lita, hiyo ni zaidi ya lita moja kwa kilomita 1,000. Plagi zitachafuka, gari litaanza kumisi, na siku utakayosahau kupima ndiyo siku injini itakayokauka oili barabarani.

## Ikibidi ishushwe

Vipimo vikishasema hivyo, usilie, simamia kazi. Makosa haya ndiyo yanayorudisha moshi mwezi wa pili:

- Ringi mpya kwenye silinda iliyolika. Silinda ipimwe kwa kipimo cha ndani, juu na chini. Ikiwa imekuwa ya yai, ichongwe na pistoni za saizi kubwa ziwekwe.
- Silinda kuachwa laini kama kioo. Lazima ipigwe msasa wa mashine ipate mikwaruzo ya kukingamana, la sivyo ringi hazikai.
- Mianya ya ringi kuelekezwa upande mmoja. Itawanywe, kila moja upande wake.
- Sili za zamani kurudishwa "kwa sababu bado nzuri". Zibadilishe.
- Kupakia mzigo mzito siku ya kwanza. Kilomita 1,000 za mwanzo nenda taratibu, badilisha mwendo mara kwa mara, usiliache likinguruma muda mrefu bila kutembea. Kisha mwaga oili, weka mpya.

Omba urudishiwe spea zote zilizotolewa, kwenye boksi. Ringi iliyovunjika, utaiona. Pistoni isiyo na mkwaruzo, nayo utaiona, na utajua ulilipia nini.

Ile Townace yangu niliiuza baadaye kwa muuza samaki wa Morogoro. Kabla ya kumkabidhi funguo niliinua kiti cha mbele, nikamwonyesha ule mpira, nikamwambia auoshe kila anapobadilisha oili. Alicheka, akadhani namtania.